Transfa ya Lori la Waithaka

Masika ya mwaka 1950, mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo Hamdan alipoletewa habari kwamba mama yake mdogo, Suad, aliyeishi Ngong, amezidiwa na kichomi. Kaltuma, mama yake mzazi, alikuwa huko akimuuguza. Aliyeleta habari alifika Kibra kwa miguu, matope hadi magotini, akasema malori mawili yamekwama njiani tangu jana.

Hamdan alikuwa na lori kuukuu la jeshi, alilonunua mnadani baada ya vita. Lilipokuwa zima, magurudumu yote manne yalivuta na hakuna tope lililolishinda. Lakini transfa yake, ile giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, ilikuwa imekatika meno upande wa mbele. Sasa lilivuta kwa nyuma tu. Kwa njia ya Ngong, hilo halikuwa lori.

Alimjua mtu mmoja tu mwenye lori la aina ile. Akaendesha taratibu hadi Kawangware kwa Waithaka, dereva mwenzake wa vitani Burma. Lori la Waithaka lilikuwa limesimama miezi minane kando ya shamba la mahindi. Injini ilikuwa imekufa, lakini chini halikuwa na kasoro.

"Mama mdogo yuko taabani Ngong," Hamdan alisema kabla hata ya kusalimia. "Nahitaji transfa yako."

Waithaka alitazama lori lake, akatazama mvua.

"Chukua. Ila yako uifunge kwangu. Sitaki libaki na tumbo wazi."

Akaingia ndani, akatoka na spana.

Walilala chali kwenye magunia, maji yakiwapita mgongoni. Bolti zilikuwa na kutu, mbili zikakatika. Chuma chenyewe kilikuwa kizito kama maiti. Walikishusha kwa kamba na gogo, wakakivuta kwenye matope hadi lori la pili, wakakiinua tena huku Waithaka akikisukuma kwa magoti. Hamdan alichubuka vidole vyote vya mkono wa kulia. Kila alipopumzika alimwona Suad, aliyemlea miaka miwili mama yake alipougua, akihangaika kuvuta pumzi.

Alasiri wakamaliza, ile mbovu nayo ikiwa imefungwa kwenye lori la Waithaka. Hamdan akapanda, akawasha, akaingiza gia, akaachia klachi.

Injini ilinguruma. Lori halikusogea hata inchi.

Akajaribu tena. Akausukuma mbele ule mkono wa transfa, akaurudisha nyuma hadi ulipogoma. Wapi! Sasa hata ile nguvu ya nyuma aliyokuja nayo hakuwa nayo tena.

"Tumeua malori mawili kwa siku moja," alisema.

Rahab, mke wa Waithaka, alikuwa amewaletea uji, akatua sufuria kwenye boneti. Akachungulia ndani.

"Hicho chuma hakijafika," alisema, akiuonyesha ule mkono wa transfa.

"Kimefika mwisho, mama. Kimegoma."

"Mimi nimekaa kiti kama hicho miaka mitatu, kwenye lori letu. Huyu akitaka gari liende, chuma kilikuwa kinanigonga goti. Sasa kiko mbali na goti."

Waithaka alijipiga paji la uso. "Kimekauka! Miezi minane hakijaguswa. Kiko katikati, hakijashika popote."

Hamdan akakikamata kwa mikono miwili, akakaza miguu, akavuta. Kitu kikalia *kap!* chini yao. Akaachia klachi. Magurudumu yote manne yaliuma ardhi kwa pamoja, na lori likaruka mbele, likamwaga uji wote.

"Nenda!" Rahab alipiga kelele akicheka. "Uji nitapika mwingine!"

Waithaka alipanda upande wa pili bila kuulizwa.

Njiani waliyapita yale malori mawili. Kwenye mteremko mmoja lori lao lilizama hadi ekseli, nyuma ikateleza, lakini mbele ikashika na kuwatoa. Walimkuta Suad akipumua kwa shida, macho wazi. Wakamlaza nyuma chini ya turubai, kichwa chake mapajani mwa Kaltuma, wakarudi naye mjini kabla giza halijatua.

Asubuhi ya tatu, muuguzi wa hospitali ya mjini alimwambia Hamdan kwamba homa imeshuka na mgonjwa amelalamika chakula hakina chumvi.

Hamdan alitoka uani, akaegemea ukuta, akaketi pale pale chini. Waithaka alidhani analia, akamwinamia. Alikuwa anacheka.

"Amelalamika chumvi," alisema. "Alhamdulillahi, Waithaka. Ni yeye kabisa."