Miti Mia Nane ya Khalidi

Mwaka 1995, vilima vya Ngara vilipokuwa vimenyolewa kuni hadi vikang'aa kama kichwa cha kuruta, Khalidi, mtoto wa Amri muuza vitenge wa mjini, alipanda hadi kijiji cha Ntobeye kuja kuiokoa dunia. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya mazingira na ustawi endelevu wa jamii. Mwenyekiti wa kijiji alipomaliza kulisoma jina hilo kwenye barua ya utambulisho, aliomba maji ya kunywa.

Mazingira Khalidi alikuwa ameyasoma sana. Jamii ndiyo alikuwa bado hajakutana nayo, kwa hiyo wakampeleka kwa Ildefonsa.

Huyu alikuwa mjane wa Kihangaza, mwenye mbuzi kumi na mmoja na shamba la migomba lililopakana na mteremko mtupu. Kuni za mteremko huo zilikuwa zimemalizwa na wakimbizi wa kambini, na wenyeji pia, tusiwasingizie wageni peke yao. Hapo Khalidi akapanda miche mia nane ya mgrevilea, mistari imenyooshwa kwa kamba, kila mche na kibati chake cha jina na namba. Ildefonsa akamwambia mbuzi wataila. Afadhali achomeke matawi ya mvumu yaliyomzidi mbuzi urefu, kama watu wote wa kule wanavyofanya wakizungushia ua wa miti hai. Khalidi akatabasamu lile tabasamu la wasomi, akamweleza taratibu kwamba kuchomeka fimbo ardhini siyo utafiti.

Mbuzi walikula siku nne. Walikula kwa kufuata mistari, kwa kuheshimu sayansi, wakabakiza vibati.

Hilo lisingekuwa na ubaya kama Khalidi asingekuwa kijana wa kujituma. Sura ya nne, ile ya matokeo, alikuwa ameshaiandika kabla matokeo hayajatokea: asilimia tisini na mbili ya miche imeshika, na jamii imefurahi. Nakala ilishafika chuoni. Msimamizi wake, Profesa Nshoma, akaipenda mno hata akatuma ujumbe kwamba Jumatatu anakuja kuona kwa macho yake. Akikuta vibati na kinyesi cha mbuzi, basi Khalidi atarudi kupima vitenge dukani kwa baba yake, na shahada ataisikia kwa wenzake.

Alhamisi akaenda kwa Ildefonsa. Shikamoo ya siku hiyo ilishuka karibu na magoti.

"Marahaba," akajibu mama. "Zile fimbo zisizo utafiti, unataka ngapi?"

"Mia nane, mama. Zikae na majani mpaka Jumatatu tu."

Ildefonsa akakubali kwa sharti moja: profesa akimuuliza, yeye hatasema uongo, maana kila Jumapili anakomunika. Khalidi akaona sharti jepesi. Profesa mzima atamuuliza nini mjane wa mbuzi?

Ijumaa wanawake wa kijiji wakakata matawi na kuyachomeka. Khalidi naye alichomeka matatu, karibu na njia, kiganja kikaota lengelenge, akaenda kukaa kivulini kuandaa hotuba.

Jumatatu Profesa hakuja. Mvua ilikuwa imenyesha Biharamulo, na matope ya Nyantakara yakalimeza gari lake. Wenyewe wa huko wanaapa honi ilisikika chini ya ardhi siku mbili. Lilipotoka likangoja msafara wa polisi wa kuvuka msitu wenye majambazi. Msafara ulipopatikana, Profesa akashikwa na malaria. Kwa kifupi, alifika baada ya wiki saba.

Khalidi aliyaona majani yakigeuka njano Jumatano ile ile. Yalipoanza kudondoka akakimbilia mjini, hakurudi tena kutazama. Siku ya Profesa alipanda kilima akiangalia viatu vyake mwenyewe, kama mtu anayekwenda kutambua maiti.

Profesa akasimama. Khalidi akainua macho. Mteremko ulikuwa wa kijani, kila fimbo imechipua majani mapya. Profesa akashika moja, akavuta. Haikutoka. Akasoma kibati, akatazama jani, akasoma tena kibati.

"Khalidi, huu ni mgrevilea?"

Uongo ulikuwa tayari umeshavaa viatu mdomoni mwa Khalidi. Lakini pembeni alisimama Ildefonsa, mikono kifuani, anangoja zamu yake ya kuulizwa.

"Hapana, Profesa. Ni mvumu. Miche yangu ililiwa na mbuzi. Sura ya nne niliitunga."

Profesa hakumgombeza. Alimpa kisogo, akazungumza na Ildefonsa mpaka jua likapita utosini. Kisha akatoa hukumu: sura ya nne itupwe, Khalidi aongeze mwaka mmoja, aanze upya na mivumu, na mwalimu wake kijijini ni mama huyu.

Wakahesabu. Iliyoshika ilikuwa mia saba tisini na saba, wingi ambao hata Khalidi hakuthubutu kuutunga. Mitatu tu ilikufa, yote karibu na njia. Khalidi, msomi tena baada ya nusu saa ya unyenyekevu, akatoa daftari, akasema anashuku mchwa, au tindikali ya udongo.

Ildefonsa akachomoa mmoja, akampa aushike.

"Tazama macho ya tawi yanaelekea wapi. Hii mitatu ulichomeka wewe, baba. Uliipanda kichwa chini."

"Andika," akasema Profesa.

Khalidi akaandika.