Maneno ya Mwisho ya Jicho Moja

Na ijulikane kwa wakubwa na wadogo, wenye viatu na wenye ndala, kwamba bweni la tatu lilikuwa na msomi wa Kijapani. Lakabu yake Mkalimani. Lugha hiyo, kwa kauli yake, alifundishwa na mjomba wake, baharia. Mjomba mwenyewe alikuwa fundi wa friji, lakini hilo halikuulizwa.

Kwa miaka mitatu Mkalimani aliwasomea wenzake manga, vitabu vya picha vya Kijapani, ya ndugu wawili wawinda mashetani. Damu iliyokuwamo ingetosha kupaka bweni rangi, dari na yote. Kwa kazi hiyo hakufagia, hakuteka maji, na Chuma, kiranja mwenye ngumi kama nyundo, alimlinda asiguswe.

Jumapili moja ya mvua kikaja kitabu kipya. Kufungua tu, kabla Mkalimani hajakishika, nani kasimama juu ya rundo la maiti, upanga ukichuruzika? Jicho Moja, yule kaka mkubwa.

"We Mkalimani," mmoja akasema, "huyu si tulimzika kitabu cha kwanza?"

"Tulimlilia kabisa! Kiranja alipata mafua wiki nzima."

"Turudi mwanzo," Chuma akaamuru.

Kitabu cha kwanza kikatolewa chini ya godoro. Mkalimani akakikumbatia kifuani kama kawaida yake, kurasa azione yeye peke yake, akaanza kwa sauti ya mahubiri. Shetani mwenye vinywa viwili aling'oa lango pamoja na mlinzi, akamtafuna mlinzi kuanzia miguuni ili ajionee mwenyewe. Jicho Moja akampasua shetani toka utosini hadi kitovuni. Utumbo ukamwagika kwenye ngazi, naye akateleza juu yake, ukucha wa shetani ukamwingia ubavuni ukatokea mgongoni.

"Akazimia," akamaliza haraka.

"Akafanyaje?"

"Alizimia, kaka. Mara ile nilisoma vibaya. Kijapani kina mashimo."

"Aliyezimia anaaga?" Chuma akapiga kofi sanduku lake la bati. Kwenye kifuniko alikuwa amechonga kwa msumari maneno ya mwisho ya Jicho Moja: *Funga mlango, mdogo wangu, usinitazame.* "Nionyeshe yalipoandikwa."

Akakipokonya kitabu. Picha ilijaa ukurasa mzima: tope, damu, uso. Mdomo umefumbwa. Pembeni hapakuwa na kipovu cha maneno, hata kimoja.

Mtu alitumbukiza kiatu ndani ya foronya, akafunga fundo, akamkabidhi kiranja. Pigo la kwanza lilitua begani. La pili likapasua mdomo, jino likalegea, na shuka la Mkalimani likapata rangi ambayo kwa miaka yote hiyo aliisimulia tu.

Foronya ikapanda mara ya tatu.

"Sijui Kijapani!" akalia. "Hata herufi moja! Mjomba anatengeneza friji!"

"Na Jicho Moja?"

"Kengele ya chakula ilikuwa imelia, nawe ukasema hatoki mtu mpaka pafike pazuri. Nikamuua ili tukale. Halafu ukalia, kaka. Ningemfufuaje?"

Chuma hakuishusha foronya. "Na haya?" Kidole chake kilikuwa juu ya sanduku. "Haya nayo ulitunga kwa njaa?"

Mkalimani akatema damu kiganjani, akaitazama.

"Hayo hapana. Hayo nilimwambia mdogo wangu siku naletwa shule. Aliyekuwa analia ni mimi."