Aliyejiandika Mshauri

Mume wa mdogo wangu hula mayai ya kuchemsha juu ya kibodi. Humenya pale pale, maganda yanaingia katikati ya herufi, kisha anayapuliza yaje upande wangu. Ofisini wanamwita Njia ya Mkato, na jina hilo analifurahia. Kazi hii nilimwombea mimi, kwa hiyo kila ganda ni haki yangu.

Kituo chetu ni cha ushauri. Watu wenye mambo mazito humwandikia mshauri kwa simu, na mdogo wangu alikuwa mmoja wao, maana nilimhakikishia kwamba sisi wa mitambo, mumewe akiwemo, hatuoni ujumbe wa wateja. Ndoa ilikuwa imemfika kooni. Mwisho wa mwezi alipanga kuhama na mtoto kimya kimya, na waliojua ni mimi na mshauri tu. Mume akinusa, alisema, atamchukua mtoto ampeleke kwa mama mkwe huko mbali, na kumwona tena itakuwa ndoto.

Asubuhi ile niliagizwa kuongeza seva moja. Maombi yote ya wateja hupita kwanza kwenye mashine ya mlangoni, tunayoiita kigawa mzigo, nayo huamua seva ipi ya nyuma ihudumie. Kila ombi huja na vichwa, yaani maneno machache ya juu yanayosema limetoka wapi na ni la nani. Seva za nyuma haziulizi nenosiri. Zinaamini kichwa kinachosema "huyu ni fulani", kwa sababu kigawa mzigo kinatakiwa kufuta alichojiandikia mtu huko nje, kimkague, kisha kiandike jina lake la kweli. Ukiondoa huko kufuta, yeyote anajiandika mshauri na mlango unafunguka.

Nilipofungua mipangilio nikakuta mstari wa kufuta umezimwa. Nikaunganisha kompyuta na intaneti ya simu yangu, kama mtu wa nje, nikatuma ombi lenye kichwa cha mshauri. Majina ya wateja wote yakajitandaza mbele yangu. Nikafunga upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akamkuta mwenzake ndani.

"Shemeji, nani kazima mstari huu?"

"Mimi. Ilikuwa ya majaribio hiyo. Kila saa kuingiza nenosiri, nani ana muda?"

"Ukauacha hivi hivi?"

"Kwani kuna aliyekufa?" Akalamba kiini cha yai kidoleni. "Halafu mwambie mdogo wako asihangaike na kile chumba cha karibu na soko. Choo kiko nje, mtoto ataugua."

Habari ya chumba sikuwa nimemwambia hata mama.

"Umesoma ujumbe wake."

"Yule ni mke wangu. Ya mke hayafichwi mume."

Alisema hivyo bila haya wala soni, huku akijifuta vidole kwenye suruali. Nilimwona mchafu kuanzia kucha hadi roho. Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa tangu utotoni, na mimi nguo hii nilijivalisha mwenyewe.

Nikaenda kwa mkuu wa kituo. Alisikiliza yote, akainuka akafunga mlango.

"Funga hilo tundu sasa hivi, na tusilikuze," alisema. "Wateja wakisikia watakimbia. Hayo mengine ni ya nyumbani kwenu, mkayamalize na wazee."

Kisha akanisogezea bakuli la pipi. Pipi! Nilitoka bila kuaga.

Nikauwasha mstari, nikajaribu tena kujiandika mshauri, mlango ukagoma. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, anapumua shingoni mwangu.

"Umeona? Limekwisha," alisema. "Mimi nilishamaliza kusoma."

Nikatoka uani kumpigia mdogo wangu. Nilimwambia bila kuzunguka: mumeo anajua chumba, anajua siku, amesoma yote. Nikamwambia yuko ofisini bado, amchukue mtoto waje kwangu sasa hivi, nguo tutazitafuta mbele ya safari. Nikasikia droo inavutwa, na mtoto anauliza wanakwenda wapi.

"Dada," akasema, "wewe nawe ulisoma?"

"Sikusoma. Nilifunga."

Droo ikafungwa.

"Nilimwandikia mshauri kwamba mume wangu akinigusa nasikia kutapika. Kwamba huwa nacheka tu, ili amalize alale."

"Mdogo wangu, toka humo ndani."

"Natoka. Nilikuwa najiuliza tu, dada. Siku hizi kila usiku, kabla hajanigusa, ananishika kidevu ananiambia, 'Haya, cheka.'"