Mtu wa Kumi na Tisa

Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa mpeleka ujumbe wa timu ya Minyerra, katika mpira wetu ule unaochezwa kwa mikono na miguu. Kocha anasimama nje ya mstari akipiga kelele, nami nakimbia ndani kumwambia mchezaji alichosema kocha, nikiyapunguza matusi njiani. Pia niliandika daftari la mechi, nani alicheza na nani hakucheza, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Jina lililojaa zaidi katika daftari langu ni la Des Trewhella. Alianza kutuchezea akiwa na miaka kumi na saba, beki, mrefu, mwenye mikono kama makoleo. Alikuwa akifika uwanjani Jumamosi akiwa bado na manyoya ya kondoo kwenye sweta, anakaa kona ileile ya chumba cha kubadilishia nguo, anavaa soksi ya kushoto kwanza, anajipaka mafuta ya kuchulia mpaka macho ya jirani yake yanatoka machozi. Nikinusa mafuta yale hata leo, namwona pale kwenye benchi akifunga kamba za viatu polepole. Alikosa mechi siku ya kumzika baba yake, na mwaka ule wa mafuriko alipokuwa akiokoa wanakondoo. Nyingine alizokosa ni za majeraha.

Agosti ya mwaka wa mwisho alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mechi mia mbili tisini na tisa. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na ya mwisho ya Minyerra pia. Vijana walikuwa wamehamia mjini, mashamba yameunganishwa, na mwaka uliofuata sisi na Dunkerry, mahasimu wetu tangu enzi za babu zetu, tungekuwa timu moja. Dunkerry ndio tuliocheza nao siku hiyo. Tulikuwa hatujawafunga kwa miaka kumi na moja.

Maureen, mke wa Des, na kina mama wa netiboli walibandika bango la karatasi lenye namba 300, pana kama mlango wa ghala. Des akalipasua kwa kifua akiingia, watu wakashangilia, kisha akaenda kukaa benchi. Kigimbi chake kilikuwa kibovu tangu wiki iliyotangulia. Kocha Lindner alimwambia, "Tukiwa salama nitakuingiza. Dakika mbili tu, upate mia tatu zako." Kwetu kukaa benchi hakuhesabiwi. Ni lazima ukanyage nyasi kabla mchezo haujaisha.

Hatukuwa salama. Robo tatu za mchezo tulikuwa tukifukuzana pointi kwa pointi. Bibi Ivy Pascoe, aliyeegesha pikapu yake palepale kwenye uzio tangu nilipokuwa mtoto, alimwita Des:

"Wewe Babu! Umekuja kucheza au kulinda benchi lisiibiwe?"

"Nalinda, bibi. Hawa wa Dunkerry siwaamini."

Zilipobaki dakika tatu tukiwa mbele kwa pointi tatu, Lindner alinishika bega. "Wal, mtoe Craig. Noel ahamie pembeni kwa Craig, na Des akae nyuma mahali pa Noel. Nenda!"

Nilikimbia. Noel Hamdorf nilimpa ujumbe wake kwanza, kwa kuwa alikuwa karibu. Craig alikuwa upande wa mbali. Nilimwita, nikamwonyesha benchi kwa kidole gumba, na wakati uleule mpira wetu ukapita katikati ya milingoti. Pointi sita. Kwetu bao likiingia, kila gari lililozunguka uwanja hupiga honi, na siku hiyo magari yalikuwa zaidi ya mia. Craig akainua mkono juu. Nikadhani amenielewa. Kumbe alikuwa anashangilia bao. Nikageuka, nikampungia Des aingie.

Hilo ndilo kosa langu, na sijawahi kulipunguza kama nilivyopunguza matusi ya Lindner.

Des akaingia, honi zikazidi. Refa alikuwa anarudi katikati na mpira. Upande wa nyuma Noel alikuwa bado amesimama, kwa sababu alitazama pembeni akamwona Craig yuko palepale. Aliyekuwa akilindwa na Noel ni Gavin Petering, nahodha wa Dunkerry, mkulima wa ngano mwenye masharubu mekundu. Des alikuwa amecheza dhidi yake miaka kumi na miwili, wakipigana viwiko majira ya baridi na kuazimana mashine wakati wa mavuno.

"Karibu, mzee," Gavin akamwambia. Kisha akamtazama Noel. "Mbona leo nimepewa walinzi wawili?"

Nikamwona kidole chake kikitembea hewani, akituhesabu.

Kila upande una wachezaji kumi na wanane. Nahodha akishuku, anaweza kumwomba refa awapange wapinzani mstari na kuwahesabu. Wakikutwa kumi na tisa, pointi zao zote za mchana huo zinafutwa. Nimeliona likitokea mara moja maishani, na timu ile hawakusemeshana mpaka Krismasi.

Gavin akaanza kutembea kuelekea kwa refa. Kisha akakimbia.

Des alimtazama, akamtazama Noel, akamtazama Craig kule mbali. Angeweza kumtuma Noel atoke. Baadaye aliniambia, "Kumweleza Noel kungechukua mpaka Jumatatu." Akageuka, akakimbilia mstari.

Ulikuwa umbali wa hatua sitini hivi. Sikuwahi kumwona Des akikimbia namna ile, hata alipokuwa na miaka ishirini. Watu walidhani kachanganyikiwa. "Huko siko, Babu! Mpira uko nyuma yako!" Zilipobaki hatua kumi kigimbi kikakatika. Nilisikia mlio wake kama kijiti kikavu kinachovunjika. Akamalizia kwa mguu mmoja, akirukaruka, akaangukia nje ya mstari karibu na tairi la Bibi Ivy. Nyuma yake refa akapuliza kipenga na kuinua mkono kusimamisha mchezo.

Tukahesabiwa. Honi zote zilikuwa zimenyamaza. Refa alimgusa kila mmoja begani, na mimi nilikuwa nahesabu naye. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na wanane.

Hesabu ilikuwa sawa, tukapewa mpira kwa kuwa walitushuku bure. Lindner akamwinamia Des. "Craig anatoka sasa. Bado dakika moja na nusu. Simama, Des, uingie!" Des alijaribu kusimama, akarudi chini. Akatikisa kichwa. King'ora kikalia tukiwa mbele kwa pointi tisa, na watu wazima wakalia pamoja nacho.

Alibebwa mabegani kama mshindi, mguu wake ukining'inia. Chumbani nilimwendea nikiwa na daftari mkononi na pai juu yake.

"Usiseme kitu, Wal," alisema. "Kula pai yako, inapoa."

Miaka minane ikapita. Timu mpya, ya Minyerra na Dunkerry, ikaamua kuweka ukutani ubao wa waliocheza mechi mia tatu au zaidi. Mwenyekiti alikuwa Gavin Petering. Alikuja kwangu kuangalia daftari, akaweka kidole kwenye ukurasa wa siku ile, penye nafasi niliyoiacha wazi.

"Alikuwa uwanjani," akasema. "Nilimkaribisha mwenyewe. Mwandike."

"Nikimwandika tulikuwa kumi na tisa. Ushindi wetu unakwenda."

"Nani atakuja kuudai? Mimi ndiye niliyeshindwa, na mimi ndiye ninayesema mwandike."

Nikasema tukamuulize Des mwenyewe, na nilifikiri sana njiani. Tulimkuta zizini akikata kwato za kondoo, akichechemea kidogo kama anavyochechemea tangu siku ile. Gavin alimweleza yote, bila haraka, kofia mkononi. Nami nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba ni mimi niliyempungia aingie kabla Craig hajatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya mtu.

Des aliendelea kukata mpaka ukwato ukaisha. "Refa alihesabu wangapi?"

"Kumi na wanane," nikasema.

"Basi mimi sikuwepo."

"Acha ubishi, mzee," Gavin akasema. "Ni mia tatu. Mkeo alibandika bango."

"Maureen anajua ni mia mbili tisini na tisa. Wale kumi na wanane walishinda, Gav. Baadhi yao hawakuwa wamewahi kuwashinda ninyi maisha yao yote." Akamwachia kondoo, akamvuta mwingine kwa shingo. "Wal, acha kusimama hapo na uso wa msibani. Mshike huyu miguu ya nyuma. Na wewe mwenyekiti, shika kichwa, anapenda kuuma kama wewe ulivyokuwa."

Tukamshika.