Samoni Mwenye Namba

"Bismillahi," alisema Mwanatumu, na kisu kikapita nyuma ya mashavu ya samaki mara moja tu. Samoni akapiga mkia kwenye meza ya chuma, akatulia.

Tangu alipotoka eda, miaka tisa sasa, kazi yake katika jiko la hoteli hii ya Garhoud, Dubai, ilikuwa hiyohiyo. Mgeni huchagua samaki aliye hai mgahawani, weita humfunga namba ya meza kwenye pezi, kisha samaki huletwa kwake. Huyu alikuwa ameachwa mlango wa nyuma, ndani ya beseni la maji baridi, na pezini ana namba: arobaini na moja. Meza ya dirishani.

Alikuwa ameshampasua samaki tumbo pale Evans, mmoja wa maweita, alipoingia mbio, tai imekwenda upande.

"Mathe! Kuna samaki ililetwa hapa kwa beseni. Iko wapi?"

Akamwonyesha kwa ncha ya kisu.

Evans alijishika kichwa. "Ngai! Umechinja mgeni rasmi!"

"Mgeni gani? Si ana namba ya meza?"

"Hiyo ni namba ya serikali yao, mathe! Samaki ni ya wale wazungu wa maonyesho ya ukumbini. Wameileta na ndege ionyeshwe leo, ikawekwa hapa tangi lao lipoe kwanza."

Akamweleza harakaharaka. Huko kwao kwenye baridi, kodi za wananchi huwajengea samoni ngazi za maji wapandie mto, na kuna watu wanalipwa kuwahesabu, ili watu walio likizo wapate kuwavua.

"Na wakiwavua wanawala na nini?"

"Hawawali. Wanapiga picha, wanarudisha mtoni. Kesho mwingine naye avue."

Mwanatumu aliketi juu ya kreti bila kuangalia kama ni kavu.

"Serikali itoe pesa samaki avuliwe, na asiliwe?"

"Si ndio nakwambia."

"La ilaha illa Llah."

Evans akainama, sauti chini. "Sikia. Mkataba wako mpya unatiwa sahihi kesho. Sema uliikuta imekufa. Safari ndefu, joto la Dubai, nani atabisha?"

Nyama ya samaki ilikuwa bado inatetemeka mezani. Mwanatumu aliitazama mpaka ikaacha.

"Alikuwa hai, Evans. Na aliyemchinja ni mimi."

Akamlaza kwenye sinia, akamfunika kitambaa cheupe, akashika njia ya ukumbini. Evans akamfuata, na Justine, supavaiza wao, akaja nyuma akinong'ona, "Rudi, mama! Yalla, rudi!" Hakurudi. Alisimama mbele ya madam mwenye nywele fupi nyeupe, kiongozi wa wageni, akafunua.

Madam alijiziba mdomo.

"Mwambie ni mimi," Mwanatumu alimwambia Evans. "Nilidhani ni wa meza. Namwomba radhi." Kisha akaufungua mdomo wa samaki kwa kidole gumba. Ndani ya mdomo palikuwa na makovu matatu meupe, yamevutana kama nguo iliyotiwa viraka. "Na muulize, haya ni nini?"

"Ni ndoano," Evans alitafsiri.

"Mara tatu?"

"Anasema, hizo ni zile zinazojulikana. Ndiyo maana walimchagua huyu. Samaki mmoja amefurahisha watu watatu."

Mkono wa Mwanatumu ukapanda wenyewe, ukafunika midomo yake. Wanawake wawili wakasimama hivyo, sinia katikati yao.

"Mama Mwanatumu," Justine alisema, mkono ameunyoosha, "nipe kitambulisho chako cha kazi."

Alianza kukivua shingoni. Madam akasema neno polepole, akiwa bado amemkazia macho samaki.

"Anasemaje?"

"Anasema... ana miaka ishirini akiwalinda samoni. Anauliza nyama yake ina ladha gani."

Mkono wa Justine ulibaki hewani. Nyuma yao tangi la kioo lilikuwa limewashwa taa, pampu inapuliza mapovu ndani ya maji matupu, na wageni wawili waliochelewa walikuwa wameinama mbele yake, wakimtafuta samaki.