Mkeka wa Mama

"Hatari ni yako, faida ni yake," Daktari Kuresa alimwambia Fiasili bila kuzunguka. Akitoa figo atapasuliwa, atalala kitandani wiki kadhaa, na ile moja itakayobaki ikija kumgomea, sijui nani atampa nyingine. Faleafa, kaka yake, ataachana na mashine ya kusafisha damu, na pengine ataishi miaka mingi.

"Na faida yangu?"

"Wengi hufurahi kumwona wampendaye akipona, mama."

"Na wasiyempenda?"

Daktari akakuna kidevu. Apia, mji mkuu wa Samoa, ni mji mdogo, kisa chote alikijua. Fiasili alipofiwa na mume alirudi kijijini kwao na mtoto mchanga. Kaka mtu, ambaye kwa mila zao dada ndiye heshima yake, alimtupia mikeka barabarani mvua ikinyesha, akabaki na ule mzuri wa mama yao. Mtoto akashikwa na kifua, hakuifikia Jumapili. Fiasili alimchukia Faleafa tangu siku hiyo, na nani amlaumu?

"Ukikataa," daktari akasema, "nitawaambia nduguzo kwamba hufai kutoa. Sitaeleza zaidi."

"Usinifichie, mwanangu. Mwambie figo yangu inamfaa kabisa. Halafu mwambie nimekataa."

Asubuhi iliyofuata Faleafa aliketi kwenye nyasi mbele ya chumba alichopanga Fiasili, amejifunika mkeka ule ule gubigubi, ukoo mzima umeketi nyuma yake. Ndivyo Msamoa anavyoomba radhi: akifunuliwa, amesamehewa. Majirani waliacha kufua. Jua likapanda, na chini ya mkeka pumzi za mgonjwa zikawa nzito.

"Dada yangu," sauti ikatoka, "nilikukosea. Unataka nife?"

Fiasili alimwacha aive kwanza. Kisha akatoka, akamfunua. Wanawake wa ukoo wakaangua kilio cha furaha, shangazi mmoja akamwita malaika.

Fiasili akaukung'uta mkeka, akaukunja taratibu, akautia kwapani.

"Huu ni wa mama," akamwambia kaka yake. "Ahsante kwa kuuleta. Sasa wahi mashine yako, usije ukachelewa."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Akautandika mkeka sakafuni, akajilaza juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe, moyo ukamtulia.