Hadithi Iliyoingilia Dirishani

Jelagat alikuwa akifunga vifungo vya koti la usaili mlango ulipogongwa. Nje alisimama mzee asiyemjua, amevaa kofia ya kutarizi, ufunguo wa teksi mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe Jelagat? Mimi Wazir, mumewe Mwatime. Kakataa kupanda gari."

Mwatime! Jelagat alimaliza chuo mwaka 2005, kwa shahada ya Kilatini ambayo jamaa zake wa Eldoret hawakujua waieleze vipi kwa majirani. Tangu Januari hadi Machi mwaka huu alikuwa akimhudumia bibi huyo katika nyumba ya wazee kule Arlington, huku ughaibuni. Akimkanda miguu, alimsimulia kwa mtindo wa washairi wa kale wa Kirumi, unaoanzia katikati, kisha hadithi moja ikabeba nyingine tumboni mwake. Mwanamke anafuma kitambaa. Kitambaani kuna mji. Mjini mzee kipofu anasimulia habari za binti aliyegeuka mto.

"We mtoto!" Mwatime alimkatiza siku ya kwanza. "Hata paukwa hujasema! Umeingilia dirishani kama mwizi."

Lakini kila siku alitaka zaidi. Kwao Mombasa, aliyeifungua hadithi ndiye huifunga, mwingine haruhusiwi. Kwa hiyo zamu za Jelagat zilipokatwa ghafla, alimwahidi bibi kwamba angekuja kuimaliza kabla bibi hajasafiri kurudi kwao.

"Anasafiri lini?" Jelagat alimuuliza mzee pale mlangoni.

"Leo. Saa kumi tuwe uwanja wa ndege. Anarudi kwao moja kwa moja; mimi nitamfuata mwezi wa nane. Nimemwambia nitammalizia mimi, kanicheka. Ati hata ya sungura siijui mwisho."

Saa nane Jelagat alitakiwa awe Bowie, kwenye shule pekee iliyomwita kati ya zote alizoomba kufundisha Kilatini. Arlington ni upande mwingine kabisa. Akapiga simu. Mama aliyepokea alimsikiliza kwa upole, akasema wahojaji wangeondoka saa tisa, na siku nyingine haikuwepo.

Mzee Wazir alikuwa akipangusa viatu visivyo na tope.

"Kama una kazi, mwanangu, nitamwambia sikukukuta."

"Mzee, wewe kudanganya huwezi. Twende."

Mwatime alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Umependeza kama bwana harusi," alisema. "Haya, funga."

Jelagat akapiga magoti, akamshika miguu. "Paukwa."

"Sasa ndiyo unasema?" Mwatime alicheka hadi akakohoa. "Pakawa, basi."

Akazifunga moja moja. Mto ukatulia. Kipofu akanyamaza. Mji ukabaki nyuzi tu, na mfumaji akakata uzi wa mwisho, akakibeba kitambaa hadi mtoni, kwa kuwa yule binti alikuwa wake. Akayafunika maji taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika tano.

Mwatime alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wazir," akasema, "lete gari."